Nakala ya Tatu

Shangazi yangu hamwamini mtu. Akinunua kilo ya sukari huipeleka kwa jirani mwenye mizani, kisha huanza kumshuku jirani: mtu asiye na duka, mizani ya nini nyumbani? Daktari akimwambia yu mzima, humwuliza, "Nani kakwambia useme hivyo?" Baba, ambaye ni kaka yake, husimulia kwamba siku ya ndoa, bwana harusi alipoulizwa kama amekubali, shangazi aliomba swali lirudiwe, kwa sababu jibu la kwanza lilitoka haraka mno.

Mtu wa namna hiyo angeweza kupotea bure maishani. Bahati nzuri serikali ilimpa dirisha.

Dirisha lenyewe liko kwenye uwanja mdogo wa ndege nje ya mji wetu, uwanja wenye njia moja ya kurukia, mnara mfupi kama tangi la maji, na gari la zimamoto ambalo halijawahi kukutana na moto. Ndege kubwa hazituhusu. Zinazotua pale kutoka nje ya nchi ni vindege vya injini moja au mbili, mali ya watu binafsi: mkulima mkubwa anayekuja kuangalia mashine, mpima ardhi, tajiri aliyegombana na barabara. Wiki ikiwa nzuri hutua vitatu. Na kila kinachotua, rubani wake lazima apite kwa shangazi.

Watu hudhani kuingia nchi ya watu na ndege yako ni kushuka, kuvua miwani na kusalimia. Thubutu. Shangazi hutaka fomu ya tamko la ndege, ile inayosema umetoka wapi, unakwenda wapi na umebeba nini. Hutaka orodha ya watu waliomo, nao huwa ameshawahesabu kwa macho kupitia dirishani kabla hawajamaliza kushuka. Hutaka kibali cha kuingia anga na namba yake, leseni ya rubani, cheti chake cha afya, cheti cha usajili wa ndege, cheti cha ubora wake, leseni ya redio, na bima. Rubani akifungua mdomo kulalamika, humwambia, "Baba, gari likiisha mafuta hukaa kando ya barabara. Hiyo ya kwako itakaa kwenye paa la nani?"

Sheria inataka nakala mbili za kila kitu. Moja hupelekwa ofisi kuu, moja hubaki uwanjani. Shangazi hutaka tatu.

Ya tatu ni yake. Mwaka wake wa pili kazini, nakala ya uwanjani ilipotea masijala, akaulizwa yeye, naye hakuwa na la kujibu. Tangu hapo ana kabati la chuma la kijani nyuma ya kiti chake, na ufunguo wake uko shingoni, kwenye kamba ile ile inayoshika miwani yake. Miaka kumi na tisa hakuna rubani aliyepigwa muhuri na mkono wa shangazi bila kuacha nakala ya tatu kabatini. Wenzake humcheka. Wamempa jina la Mama Nakala. Kuna aliyewahi kusema siku shangazi akifa atazikwa mara tatu.

Sasa mtu huyu, anayeshuku hadi kivuli chake kikimtangulia, ndiye aliyeletewa barua.

Barua ilitoka ofisi kuu, imefungwa kwa gundi na pini, kana kwamba yaliyomo yangeweza kutoroka. Ilisema hivi: kulikuwa na kindege kilichoingia nchini miezi mitano nyuma kupitia uwanja wetu. Siku chache baadaye kikatua uwanja mwingine, kikapitiliza, kikavunja ukuta wa kiwanda cha matofali. Mwenye kiwanda akataka bima. Bima ikatazamwa, ikakutwa ilikwisha muda miezi mitatu kabla ndege haijaingia nchini. Na kwenye fomu ya kuingia kulikuwa na muhuri. Muhuri wa dirisha la shangazi. Alipewa siku kumi na nne ajieleze kwa maandishi ni vipi alipitisha ndege isiyo na bima, la sivyo ataondolewa kwenye kazi ya nyaraka na kupangiwa kazi nyingine. Siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa.

Kazi nyingine pale ni stoo. Stoo kuna matairi, ndoo za mchanga na panya. Shangazi alishasema wazi: wakimpeleka stoo, anaacha.

Jambo la kwanza alilofanya ni kufungua kabati. Akatafuta ndege ile kwa tarehe, akatafuta kwa namba yake ya mkiani, akatoa faili zote sakafuni akatafuta kwa magoti. Hakuna. Nakala ya tatu haikuwepo.

Meneja wa uwanja alisimama mlangoni, mikono mfukoni. "Mama, miaka yote unatusumbua na kabati lako. Siku moja limehitajika, na hilo nalo limekukana."

"Mimi ndege hii sijaiona, bwana meneja."

"Muhuri umeiona."

Hapo ndipo nyumbani kulipoanza kuwaka. Shangazi alinishuku mimi. Alinikalisha kwenye kochi lake, akakaa mbele yangu.

"Wewe mtoto wa kaka yangu. Mwezi ule ulikuja ofisini kwangu."

"Nilikuletea mwavuli, shangazi."

"Ulikaa kwenye kiti changu."

"Ulinikaribisha."

"Muhuri ulikuwa mezani." Akanitazama juu ya miwani. "Mtu aliyeacha diploma katikati hana kazi ya kufanya na mikono yake."

Sasa niibe muhuri wa ndege niutumie wapi? Kwenye mkate? Lakini sikucheka, kwa sababu niliona kitu ambacho sikuwahi kukiona kwake. Alikuwa ameandika kwa kalamu kwenye kiganja chake: uji, ndizi, chai bila maziwa. Nikamwuliza ni nini. Akaficha mkono. Baadaye nikaelewa: kila asubuhi alikuwa anaandika alichokula, kisha jioni anajaribu kukikumbuka kabla ya kutazama. Baada ya kuwashuku watu wote alikuwa amefika kwa mtu wa mwisho, naye ni yeye mwenyewe. Labda kweli niliipitisha, alikuwa anajiambia. Labda kichwa kimeanza kuvuja.

Mtu mmoja tu hakushukiwa. Meza yake inatazamana na ya shangazi, na jina lake pale ofisini ni Forodha, kwa sababu ndiyo kazi yake: hukagua mizigo ya wanaoingia. Alikuja kijana wa kujifunza kazi, miaka kumi na moja iliyopita, hajui hata fomu inaanzia juu au chini. Shangazi ndiye aliyemfundisha. Mume wa shangazi alipofariki, Forodha ndiye aliyeandika barua zote za mafao na kuzizungusha ofisi hadi ofisi, viatu vikaisha visigino. Humwita mama, naye humwita mwanangu. Kosa lake kubwa, kwa maneno ya shangazi, lilikuwa kupenda kujipamba. Kila baada ya miezi miwili alikuwa na miwani mipya ya jua, akiivaa utosini hata ndani ya nyumba. Alisema shemeji yake anaiuza.

Barua ilipokuja, Forodha ndiye aliyevuta kiti. "Mama, tuiandike pamoja. Usigombane nao. Ukigombana watakuja kukagua, na wakaguzi hawana adabu. Andika kwa unyenyekevu."

Akamwandikia hata mfano. Shangazi aliuleta nyumbani, nikausoma. Ulikuwa na mwandiko mzuri. Katikati kulikuwa na maneno haya: *kutokana na umri wangu, sikumbuki tukio hilo.*

"Umri gani?" nikamwuliza. "Una hamsini na nne."

"Ananitakia mema," akasema.

Kikulacho ki nguoni mwako, methali hiyo hata mtoto wa chekechea anaijua. Lakini nani hukagua nguo aliyokwisha kuivaa?

Yaliyotokea Jumatano, siku mbili kabla ya Ijumaa, nimeyapata kwa shangazi na kwa Zimamoto. Huyu ndiye dereva wa lile gari lisilo na moto. Benchi lake liko chini ya dirisha la ofisi, nje, na kwa kuwa hana cha kuzima, husikiliza. Maelezo yao wawili yanalingana, ila ya Zimamoto yana vicheko zaidi.

Lazima kwanza ujue habari ya chai. Saa nne kamili kila siku ya kazi, shangazi huinuka, huweka kalamu sambamba na rula, na kwenda kwenye kibanda cha chai nyuma ya banda la ndege. Hukaa nusu saa. Anayetaka kumweka dakika moja zaidi dirishani ana bahati mbaya. Na kwa kuwa ofisi ya serikali haiwezi kumwambia rubani subiri mama anakunywa chai, muhuri alikuwa akimwachia Forodha. Sheria inasema muhuri usitoke mkononi mwa mwenye nao. Lakini mkono wa mwana, alijiambia, si mkono wa mtu.

Jumatano ile jino la gego lilikuwa linamwuma. Chai ya moto ingekuwa adhabu. Saa nne ikafika, shangazi akabaki kitini, shavu mkononi.

"Mama, saa nne," akasema Forodha.

"Naiona."

"Chai itapoa."

"Ipoe. Jino."

Forodha akatazama nje, akatazama saa. "Basi nenda ukae tu kibandani, mama. Upate hewa."

"Hewa ya humu ina kasoro gani?"

"Hapana, nasema tu. Umechoka na mambo ya barua. Niachie muhuri, mimi nipo."

Shangazi alimshuku, ndiyo. Alidhani anataka ofisi iwe tupu apige simu kwa msichana. Akatabasamu na nusu ya mdomo isiyouma, akabaki.

Saa nne na dakika tano kindege cheupe chenye mstari wa buluu kikatua. Shangazi akahesabu kupitia dirishani: mwanamume mmoja mwembamba, nywele nyeupe, mwanamke mmoja, kofia pana, sanduku moja. Rubani akaja ofisini na mkoba wa plastiki kifuani. Alipoingia alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya Forodha, akiwa ameshaanza kutabasamu. Kisha akamwona shangazi. Akasimama ghafla kama mtu aliyefungua mlango wa choo akakuta kina mwenyewe.

"Karibu," akasema shangazi. "Umekuja kwangu, siyo?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe na mimi tunalingana, lakini marahaba. Umetoka wapi?"

"Nchi jirani, mama. Mwendo wa saa moja na nusu."

"Mko wangapi?"

"Mimi na mke wangu. Tumekuja kumwona mjukuu."

"Na kwenye sanduku?"

"Nguo, mama."

"Na ndani ya nguo?"

"Ah, ndani ya nguo…" Rubani akamtazama Forodha kama anayetafuta mlango. "Ndani ya nguo hakuna mtu, mama."

Zimamoto chini ya dirisha akajifanya anakohoa.

Rubani akafungua mkoba. Akatoa karatasi, akaziweka mezani mafungu matatu, kila fungu limebanwa kwa pini kwenye kona, wino mweusi, kingo zimelingana. Shangazi hakuzigusa. Alizitazama kama unavyotazama sahani iliyoletwa na mtu uliyegombana naye jana.

"Hizi tatu ni za nini?"

"Nakala, mama. Tatu."

"Sheria inasema ngapi?"

"Mbili."

"Nani kakwambia tatu?"

Rubani akameza mate. "Nilisikia tu."

"Ulisikia wapi? Redioni?"

Elewa hapa. Miaka yote ile hakuna rubani aliyewahi kufika na nakala ya tatu bila kutumwa kwenye mashine ya fotokopi akinung'unika. Hakuna tangazo ukutani. Nakala ya tatu ni sheria ya shangazi, inaanzia kwenye dirisha lake na kuishia kabatini. Mgeni hajawahi kukanyaga uwanja huu, na amefika akijua desturi ya ndani ya droo! Shangazi hata jino akalisahau.

Akaanza fungu la kwanza. Akasoma kila mstari, akalinganisha namba ya mkiani kwenye usajili, kwenye bima, kwenye kibali. Sawa. Akatoka nje akaisoma kwenye ndege yenyewe. Sawa. Akarudi, akaanza fungu la pili. Mke wa rubani alikuwa amekaa kwenye kiti cha wageni, kofia mapajani, akijipepea nayo.

"Mama," akasema Forodha, "mzee wa watu karatasi zake ziko safi. Sanduku nimelikagua, nguo tupu. Piga tumwachie."

"Ndiyo zinanitia wasiwasi. Safi hivi aliziandaa kwa ajili ya nani?"

"La pili limekamilika. La tatu ni lile lile."

"Kama ni lile lile, halitanichelewesha."

Akalamba kidole, akahesabu. Fungu la kwanza lilikuwa na karatasi tisa. La pili tisa. La tatu, kumi.

Akahesabu tena. Kumi.

Karatasi ya ziada ilikuwa kati ya leseni ya redio na bima, imekunjwakunjwa, ina alama ya kikombe. Rubani alipoiona alijipapasa mfuko wa shati, kisha wa suruali, kisha akamtazama mkewe. Mkewe akasema taratibu, "Nilikuuliza tulipokuwa tunapaa. Nilikuuliza karatasi iko wapi." Rubani alikuwa ameifuata mstari kwa mstari wakati wa kupanga mafungu, nayo ikajipanga pamoja na nyingine.

Shangazi akaisoma. Ilikuwa imechapwa, na ilisema:

"Kwa mnaokwenda uwanja wa Mama wa Kamba. Beba nakala tatu. Sheria inataka mbili, mama anataka tatu. Wino mweusi. Mwamkie hata kama unamzidi umri. Usimpe zawadi yoyote, atakuweka mpaka jioni. Usitamke neno haraka. Ukitaka wepesi, tua baada ya saa nne kamili: huenda kunywa chai, na muhuri humwachia jirani yake wa forodha, ambaye hasomi. Usipomkuta mama, mbili zinatosha. Kama una karatasi iliyopungua au iliyokwisha muda, huo ndio wakati wake. Jirani anapenda miwani ya jua."

 Zimamoto anasema alisimama juu ya benchi akachungulia, akaona shangazi ameshika ile karatasi, haitazami tena. Alikuwa anatazama utosi wa Forodha.

Ile ya siku hiyo ilikuwa na fremu ya dhahabu.

"Hii umeipata wapi?" shangazi akamwuliza rubani, sauti ndogo.

"Ipo klabuni kwetu, mama, klabu ya marubani. Imebandikwa ubaoni, karibu na ratiba ya mafunzo. Kila mtu huchukua fotokopi." Mzee wa watu alikuwa anatoka jasho. "Haki ya Mungu mimi nilidhani ni adabu za uwanja. Hiyo ya saa nne nilidhani ni ya kukwepa foleni. Sina karatasi iliyopungua. Na miwani sikuleta."

"Naona. Karatasi zako ni safi." Akachukua muhuri, akapiga fungu la kwanza, akapiga la pili. "Msalimie mjukuu."

Rubani akanyoosha kidole kwa woga. "Na hiyo moja, mama, nadhani ni ya kwangu…"

"Iko kwenye fungu la tatu, baba. La tatu ni langu."

Walipoondoka, shangazi aliinua simu, akapiga mnarani.  Mnara huandika kila ndege inayotua, saa na dakika, kwenye daftari ambalo hakuna anayelifungua. Akaomba ile ndege ya ukuta wa matofali. Zimamoto alisikia akirudia jibu kwa sauti: "Saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi. Ahsante, mwanangu. Hebu nisomee zote za mwaka huu zilizotoka nje zikatua kati ya saa nne na saa nne na nusu."

Zilikuwa sita. Akazitafuta kabatini moja moja. Hata moja haikuwa na nakala ya tatu. Zilizotua saa nyingine zote zilikuwepo, zimejipanga kama askari.

Ndipo akageuka. Forodha alikuwa ameshaivua miwani, anaizungusha mezani.

"Mama."

"Kutokana na umri wangu," akasema shangazi, "sikumbuki kama nilikuzaa."

"Mama, nisikilize. Nilikuwa sitaki ukatishwe chai. Ya kwanza ilikuwa hivyo tu, kweli. Mtu akasema ahsante, akaacha miwani. Wa pili akasema wa kwanza kamwambia…"

"Bima ya miezi mitatu nyuma hukuiona?"

"Sikusoma."

"Hilo wameliandika." Akaigonga karatasi kwa kidole. "Nchi ya watu wanakujua kuliko mimi. Wiki mbili, mwanangu. Wiki mbili unaniona naandika uji kwenye kiganja. Ukanivutia kiti, ukaniandikia barua."

"Wangenifukuza, mama. Nina watoto."

"Na mimi walikuwa wanataka kunifanyaje, kunivisha taji?"

Forodha akainuka, akafunga mlango. Dirisha alilisahau, na Zimamoto anamshukuru Mungu kwa hilo. Akasema kwa sauti ya chini, "Sawa. Nimekosa. Lakini fikiri. Ukipeleka karatasi hiyo, swali la kwanza litakuwa: muhuri ulitokaje mkononi mwako? Miaka mingapi? Mimi nitaondoka, na wewe nyuma yangu. Tukizama, tunazama wote. Ichane, mama. Ni karatasi moja. Tuseme nakala iliharibiwa na mvua, upewe onyo, yaishe. Kesho kutwa ni Ijumaa."

 Shangazi anasema aliona kuwa mara hii moja Forodha amesema kweli tupu, na ukweli wa mtu kama yule una uchungu kuliko jino. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na zamu ya kulia ilikuwa imefika. Akaikunja karatasi, akaitia kabatini, akafunga, akarudisha ufunguo shingoni. Kisha akatoa ule mfano wa barua wenye mwandiko mzuri, akaugeuza upande mtupu, akaanza kuandika.

Barua yake nimeisoma. Haikuwa na unyenyekevu hata wa kuonja. Ilianza hivi: "Muhuri niliuacha mimi, kila siku ya kazi, saa nne hadi saa nne na nusu, kwa miaka tisa. Hilo ni kosa langu na simpi mtu. Ndege mnayoniuliza sikuipitisha, na uthibitisho ni kwamba nakala yake haipo kabatini kwangu." Kisha ndege sita, namba zake, saa zake za kutua kwa mujibu wa mnara. Kisha ile karatasi ya klabu. Meneja aliposoma aliketi chini.

"Mama, hapa umejifunga mwenyewe."

"Nimefunga vyote, bwana meneja. Nao watachagua cha kufungua."

Wakaguzi walikuja, kweli hawana adabu. Walikaa siku nne. Walifungua kabati la kijani wakalitazama kwa muda mrefu bila kucheka, na mmoja akauliza fomu za kuagiza kabati kama lile zinapatikana wapi. Forodha aliondoka na gari lao. Meza yake ikabaki na jozi tatu za miwani kwenye droo, na shangazi aliziandika kwenye orodha, moja moja, rangi ya fremu na mikwaruzo.  Zimamoto anasema shangazi alivua ya kwake mara mbili akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

Yeye alipewa onyo kali la maandishi kwa kuacha muhuri. Halikumwondoa dirishani. Alilitoa fotokopi tatu.

Siku hizi huenda kunywa chai na muhuri wake, ameuvalisha soksi na kuutia kwenye mkoba. Rubani akija saa nne hukuta kibao: SUBIRI. Na kule klabuni, nasikia, karatasi mpya imebandikwa ubaoni, fupi kuliko ya kwanza.

Mimi hakuniomba radhi kwa ile habari ya mwavuli. Neno radhi kwake ni kama dawa ya minyoo. Lakini Jumamosi moja nilikwenda kumtembelea. Akatoka chumbani na taulo begani, akaja mpaka nilipokaa, akauweka mkoba wake kwenye kochi, ubavuni mwangu. Zipu wazi. Soksi inaonekana.

"Naingia kuoga," akasema.

Alioga muda mrefu. Nilikaa mikono mapajani kama mtoto aliyepelekwa kwa mwalimu mkuu. Alipotoka, akautazama mkoba, akanitazama.

"Sijagusa, shangazi."

"Najua," akasema.

Akaketi karibu nami, akanimiminia chai. Kisha akauvuta mkoba taratibu, akaingiza mkono, akaipapasa soksi.